Mabembea, pembe za ndovu na ikulu ya Isike iliyojengwa Berlin

Wiki hii siandiki habari za foleni ya kafeteria wala za bumu, maana hizo kila mtu anazo. Leo tunakwenda na historia, ila tunaanzia kwenye jambo ambalo watu wa ghorofa yetu wameshachoka kulisikia kutoka kwangu: mabembea.

Ndiyo, napenda mabembea. Simaanishi tu yale ya kamba na tairi chini ya mwembe, ingawa kule Isevya, Tabora, ndiko tulikoanzia. Namaanisha kiwanja chote cha burudani: gurudumu kubwa linalokuinua mpaka unaona mabati ya mtaa mzima, farasi wa kuzunguka na muziki, vigari vya kugongana, na zaidi ya yote lile treni dogo linalovutwa polepole hadi kileleni halafu linaachiwa literemke lenyewe. Wenyewe wanaliita rolakosta.

Mshikaji wangu ninayekaa naye chumba kimoja, mtoto wa Urambo, anasema huu ni ulimbukeni. Juzi aliniambia hivi: "We mtu wa historia, mwakani unakwenda kuwa mwalimu, bado unashangilia vitu vya watoto? Tena vitu vya Wazungu?" Hilo la watoto nililipuuza. Lakini hilo la Wazungu lilinikalisha maktaba siku tatu. Je, kweli ni vitu vya Wazungu peke yao? Sisi watu wa njia ya misafara, ile ya Bagamoyo hadi Tabora hadi Ujiji, tumeingia wapi kwenye historia ya starehe za dunia? Jamani, tumo. Tena tumo mahali ambapo sikutegemea.

MAONI YANGU KWANZA

Kabla ya vitabu, wacha nitoe maoni yangu, maana hapa ndipo kwenye uwanja wangu.

Gurudumu kubwa ni la wachumba na wazee. Haliogopeshi sana, ila linakupa ramani. Nililipanda Sabasaba, pale viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, nikaona hadi winchi za bandarini, na kwa mara ya kwanza nikaelewa jiji limekaaje. Materemko ya maji ya Kunduchi ni mazuri, tatizo hofu yake inaisha haraka na maji yanakuingia puani. Viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo kule Unguja nilivifikia Sikukuu ya Idi, na hapo nilijifunza kwamba bembea bila foleni halina ladha. Watoto wana nguo mpya, ubuyu mkononi, mama zao wanapiga kelele "shika vizuri weee!" Hiyo ndiyo nusu ya starehe.

Sasa rolakosta. Watu wanadhani utamu wake uko kwenye kuteremka. Mimi nasema uko kwenye kupanda. Mnyororo unakuvuta, unasikia chini yako ta-ta-ta-ta, na ule mlio ni wa vyuma vinavyozuia kigari kisirudi nyuma. Ukifika kileleni, mashine imemaliza kazi yake. Kuanzia hapo hakuna injini. Kasi yote utakayoipata chini, mabonde yote, kona zote, vimeshalipiwa na ule mpando. Mwalimu wenu wa fizikia angewaambia hivyo hivyo, ila angetumia ubao.

Kuna dada darasani kwetu ana ndugu zake Uarabuni, alituonyesha video ya Formula Rossa, lile la Abu Dhabi lililofunguliwa mwaka 2010 na kuweka rekodi ya dunia kwa kasi ya kilomita 240 kwa saa. Abiria wanavaa miwani ya kuzuia mchanga na wadudu wasiingie machoni! Naliheshimu sana. Lakini lile halivutwi na mnyororo, linarushwa kama jiwe la manati. Kwangu mimi ni kama hadithi iliyoruka "hapo zamani za kale."

Shikeni hilo la mpando, nitalirudia.

MWAKA 1884

Historia ya rolakosta inaanzia kwenye barafu. Warusi wa karne ya 17 na 18 walijenga milima ya mbao, wakaimwagia maji wakati wa baridi ikaganda, wakawa wanateleza. Wafaransa wakaiga, na mpaka leo Kifaransa kinaliita rolakosta "milima ya Kirusi."

Tawi la pili lilitoka kwenye kazi. Mwaka 1827, katika mji wa Mauch Chunk jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilijengwa reli ya kuteremsha makaa ya mawe kutoka mlimani. Vigari viliteremka vyenyewe kwa uzito wake. Nyumbu walikuwa wakiwekwa nao kwenye kigari, wateremke wakipunga upepo, halafu wavute vigari vitupu kurudi juu. Inasimuliwa kwamba nyumbu wale walivyozoea hiyo lifti, hakuna aliyekubali tena kuteremka mlima kwa miguu. Baadaye watu nao wakataka, wakawa wanalipa nauli ili tu wateremshwe. Yaani reli ya mizigo ikageuka mchezo.

Basi Mmarekani mmoja, LaMarcus Thompson, akafanya hesabu. Juni 1884 akafungua reli ya namna hiyo ufukweni Coney Island, New York, ya starehe tupu. Nauli senti tano, kasi kama kilomita 10 kwa saa. Baiskeli ya muuza mkaa wa Tabora ingeipita! Lakini watu walijaa, na biashara ya rolakosta duniani ikaanzia hapo.

Sasa wana historia wenzangu, mwaka 1884 unatukumbusha nini? Novemba mwaka huo huo Mkutano wa Berlin ulianza. Na wakati wakubwa wakiwa Berlin mezani, Karl Peters alikuwa Usagara akikusanya mikataba yake kwa watemi na majumbe, kwenye nchi ambayo misafara ya kwenda Tabora ilikuwa ikipita kila mwaka. Sisemi Thompson na Peters walijuana. Nasema ulimwengu uliokuwa na muda na senti za kuchezea ndio huo huo uliokuwa ukija kwetu kutafuta vya kuchukua.

MCHEZO ULIOBEBWA MABEGANI

Na vilichukuliwa. Twende kwenye pembe za ndovu.

Tunasoma kwamba pembe zilitoka bara, zikapita Tabora, zikafika Bagamoyo, zikavuka Unguja, "zikauzwa Ulaya na Marekani." Nukta. Mwalimu anageuza ukurasa. Hakuna anayeuliza: Wamarekani walizifanyia nini?

Walizichezea. Kwa Kiswahili rahisi, walizichezea. Meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa zikifika Unguja tangu miaka ya mwanzo ya Seyyid Said, na Marekani ikaweka konseli wake pale mwaka 1837. Walileta kitambaa cha pamba, kile ambacho bara nzima walikiita merikani, wakaondoka na pembe. Pembe zikaenda jimbo la Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton. Hilo jina la pili kwa Kiingereza ni kama kusema "Mji wa Pembe." Huko zilikatwa vipande vyembamba vya kubandika kwenye vinanda, pale vidole vinapobonyeza. Nyingine zikachongwa mipira ya biliadi, huo mchezo ambao vijana wetu wanaucheza kwenye vijiwe na kuuita "pulu." Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa sababu ni laini, haipasuki ovyo.

Fikiria, wadau. Kijana wa Kinyamwezi amebeba mzigo wa kama kilo 30, jua la Ugogo liko kichwani, maji yako mbali. Pembe ikiwa kubwa mno wawili wanaitundika kwenye mti na kuibeba kwa pamoja. Kutoka Tabora hadi pwani ni zaidi ya kilomita 800. Mwisho wa safari ile kuna binti wa Boston anajifunza kinanda, na kuna bwana mmoja mwenye sigara anagonga mpira mmoja uguse mwingine. Pembe zilipoanza kuwa ghali, miaka ya 1860 kampuni moja ya biliadi ya Marekani ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayebuni kitu mbadala, na John Wesley Hyatt, mmoja wa waliolihangaikia hilo, akaishia kuleta seluloidi, moja ya plastiki za kwanza duniani. Kwa hiyo hata historia ya plastiki ina mguu wake mmoja kwenye njia yetu.

Ule mpando wa rolakosta niliosema, unaolipia kasi yote ya mbele, hapa ulipandwa na watu. Starehe iliteremka upande mwingine wa bahari.

IKULU YA ISIKE, BERLIN

Sasa tufike kwenye kile kilichonifanya nifunge kitabu nikatoke nje kupunga upepo.

Mnamkumbuka Mtemi Isike wa Unyanyembe. Alitawala tangu miaka ya 1870 na boma lake lilikuwa jirani na hapo ulipo mji wa Tabora. Alitoza ushuru misafara, akagombana na wafanyabiashara, na Wajerumani walipokuja kutaka njia iwe yao, akakataa. Mwaka 1892 walishambulia boma lake zaidi ya mara moja, likawashinda. Januari 1893 akaja Tom von Prince, yule waliyemwita Bwana Sakarani, na safari hii kuta zikavunjwa. Isike hakutaka kukamatwa. Aliingia kwenye ghala la baruti akalilipua akiwa ndani.

Mwaka huo huo wa 1893, mwezi Juni, George Ferris alifungua gurudumu kubwa la kwanza kwenye maonyesho ya Chicago. Urefu wa mita 80, vyumba 36, kila chumba watu 60. Mabembea yote ya mviringo mnayoyaona Sabasaba ni wajukuu wa lile. Huku kwetu, mwaka ule ule, watu walikuwa bado wanaokota vipande vya boma.

Miaka mitatu baadaye, kuanzia Mei hadi Oktoba 1896, Berlin ilifanya maonyesho makubwa ya viwanda katika bustani ya Treptow. Kulikuwa na mashine, bia, muziki na kiwanja cha michezo. Na pembeni kulikuwa na Maonyesho ya Makoloni. Waliletwa zaidi ya watu 100 kutoka makoloni ya Ujerumani ya Afrika na ya Pasifiki, wakiwemo Waswahili na Wamasai kutoka huku kwetu, wakae kwenye vijiji vya kuigiza, wapike, wacheze ngoma, watu walipe kiingilio wawatazame.

Na kati ya majengo yaliyojengwa pale, moja Wajerumani waliliandika "Quikuru qua Sike." Lisome taratibu kwa sauti. Kwikuru kwa Isike. Nyumbani kwa mtemi. Neno hilo la Kinyamwezi ndilo mama wa neno tunalolitumia wote leo, Ikulu. Boma lile lile walilolivunja Januari 1893 walilijenga upya Berlin mwaka 1896, ili mtu na mkewe Jumapili wapite wakitoka kunywa bia, waseme "ohoo," waendelee na matembezi.

Kwa hiyo mshikaji wangu wa Urambo akiniuliza tena Tabora na mabembea wapi na wapi, jibu ninalo. Tabora iliwahi kuwa bembea.

Lakini hadithi haiishii kwenye kutazamwa. Kati ya waliopelekwa Treptow alikuwepo kijana kutoka Kameruni, Kwelle Ndumbe, aliyejulikana pia kama Bismarck Bell. Alipochoka kutazamwa alinunua darubini ndogo, zile ambazo matajiri walikuwa wakitumia kuangalia waigizaji jukwaani, akawa anawaangalia watazamaji. Wewe umelipa kuniona, na mimi nakuona. Tangu mwaka 2017 makumbusho ya Treptow yana maonyesho yanayosimulia habari za watu wale mmoja mmoja, kwa majina yao. Zaidi ya miaka 120 baadaye, lakini yapo.

NJIANI WALICHEZA PIA

Nilipofika hapo nilikuwa na hasira, na insha ya hasira ni rahisi kuandika. Ila hasira peke yake ingekuwa inarudia kosa la Treptow kwa namna nyingine: ingewafanya watu wetu wawe wa kutazamwa na kuhurumiwa tu.

Mwaka jana nilikuwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja, jina tuliache. Mada ilikuwa biashara ya masafa marefu. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akasema babu wa babu yake alikuwa pagazi. Darasa likaangua kicheko. Mmoja akaropoka: "Mjukuu wa mtumwa!" Yule dogo akakaa, akainamisha kichwa, na kipindi kizima hakunyanyua tena.

Wadau, hapa ndipo penye jambo. Watumwa walikuwepo kwenye njia ile, na mateso yao yalikuwa ya kweli. Hatuwezi kuyapaka rangi. Wenye kuwauza na kuwanunua walikuwa Waarabu, Waswahili na watu wa bara pia. Lakini mapagazi wengi wa Kinyamwezi hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliokubaliana ujira kwa mikono ya vitambaa na baadaye kwa fedha, na wakionewa waliweka mizigo chini au walitoroka nayo. Wazungu waliosafiri nao walijaza vitabu kwa kuwalalamikia, na ukisoma vizuri malalamiko yale utagundua ni ya tajiri aliyekutana na wafanyakazi wanaojua thamani yao.

Na walipenda safari. Unyamwezini kijana ambaye hajaiona pwani alikuwa hajahesabika mwanamume kamili. Akirudi, alikuwa na nguo, shanga za mchumba na hadithi za bahari. Msafara uliongozwa na kirangozi, mtu wa mbele kabisa, amevaa manyoya kichwani na ngozi na nguo nyekundu, bendera mkononi, ngoma inapigwa nyuma yake. Msafara ulipokaribia mji kama Tabora haukuingia kimya kimya. Watu walisimama nje, wakavaa nguo zao nzuri walizozitunza mzigoni, wakajipanga, bunduki zikapigwa hewani, wanawake wakatoka kwa vigelegele. Richard Burton alipofika Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu pwani, hivyo ndivyo msafara wake ulivyoingia. Mtu amekanyaga mbuga miezi minne na bado ana hamu ya kujipamba dakika kumi za mwisho! Hiyo ndiyo foleni ya Kariakoo siku ya Idi, wadau. Hilo ndilo "shika vizuri weee."

Halafu kuna utani. Mnajua kwa nini Mnyamwezi ana watani karibu kila kabila kuanzia pwani hadi kwao? Mzaramo mtani, Mluguru mtani, Mgogo mtani. Utani ulikua na kushamiri kwenye njia hiyo ya misafara. Ukipita nchi ya watu, mwenzako amekufa njiani, huna wa kukuzikia, mtani anakuzikia. Una njaa, unaingia kwa mtani unachukua, anakutukana, mnacheka, mnakula. Mchezo wa maneno ulikuwa ndiyo pasipoti na ndiyo bima. Mpaka leo kwenye msiba wa Mnyamwezi, hata Dar, utaona watani wanavuruga mambo watu wanacheka huku wanalia.

Na kama unasema hofu ya kulipia ni ya Wazungu, basi hujawahi kusikia Wayeye, chama cha wacheza nyoka wa Unyamwezi na Usukuma. Chatu anavishwa shingoni, swila anachezewa mbele ya watu, watazamaji wanasogea wakirudi nyuma, wanasogea tena. Wachezaji wale wana dawa zao na mafunzo yao, na mtazamaji anajua hivyo. Rolakosta ni nini kingine? Ni hofu iliyo chini ya usimamizi wa mtu anayejua kazi yake.

JINA LA KARIAKOO

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kazi ya upagazi wa hiari ikafa. Kisha vita ya kwanza ya dunia ikaurudisha upagazi kwa nguvu, safari hii bila manyoya wala bendera. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na katika vita ile yote ya Afrika Mashariki makumi ya maelfu ya wabeba mizigo walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Kambi yake Dar ikaitwa Kariakoo, na jina likabaki.

Ndiyo maana ile Idi yangu Unguja bado naifikiria. Pale nako panaitwa Kariakoo. Watoto wanazunguka juu ya farasi wa rangi, chini ya jina la watu waliobeba mpaka wakafa, na hakuna kibao chochote niliona kinachowaambia. Sitaki bembea liondolewe. Nataka kibao kiwekwe.

Na kwa wapenzi wa mabembea wenzangu, nina siri. Rolakosta tamu kuliko zote nilizopanda nchi hii haina tiketi ya watoto. Ni treni ya kutoka Tabora, nilipokuja chuo mwaka wa kwanza. Baada ya Manyoni ardhi inakatika ghafla, pale ukuta wa Bonde la Ufa, na reli inashuka kwa kona hadi Saranda. Breki zinalia, behewa linainama, kikombe cha chai cha mama wa siti ya mbele kinatembea chenyewe. Kilimatinde, walikopanda misafara, iko juu ya ukuta ule ule. Mwaka 2006 Tanzania iliingiza njia hii kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia UNESCO, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mimi nimeiteremka nikiwa nimekaa, nakula karanga. Waliopanda na pembe walikuwa kwa miguu.

SASA TUFANYEJE

Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuna tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, limefanywa makumbusho, na ni vizuri. Lakini mtoto wa Tabora anaweza kumaliza shule anajua Livingstone alilala wapi, na hajui kwamba ikulu ya mtemi wake ilijengwa Berlin kwa ajili ya matembezi ya Jumapili.

Mwenye uwezo wa kujenga kiwanja cha watoto Tabora, ushauri wangu ni bure: treni dogo, si lazima liwe la kasi, lizunguke chini ya miembe. Behewa la mbele liitwe Kirangozi na lipambwe manyoya. Mpando uwe mrefu, watoto wausikie ule mlio. Na pale kileleni, kabla halijaachiwa, pawe na picha ya mtu na mzigo wake.

Kuhusu yule dogo. Kipindi kilichofuata sikuanza na "sababu na athari." Nilimwita mbele nikamuuliza watani wa kwao ni akina nani. Akataja Wazaramo, na darasani walikuwepo Wazaramo watatu. Ndani ya dakika moja walikuwa wameshaanza kutupiana maneno, darasa zima hoi. Nikawaacha wamalize, kisha nikauliza: mnadhani hawa walijuania wapi, na nani alitembea kumfuata mwenzake? Kimya. Halafu yule wa nyuma, aliyeropoka siku ile, akajibu: "Babu yake ndiye aliyekuja kwetu, mwalimu. Kwa miguu."

Nikamwandikia hiyo sentensi ubaoni, tukaanza mada kutokea hapo.

Wadau wa Tabora, Urambo, Nzega na Ujiji, mwenye bibi au babu anayekumbuka nyimbo au michezo ya safari aseme, tuandike kabla hawajaondoka. Na wapenzi wa mabembea, Idi ijayo nani twende wote Unguja? Nauli kila mtu yake.

Tuko pamoja.